Miezi Minane na Dawa ya Klorini Katika Jiko la Mgahawa

Chupa ninayoitathmini hapa ni ile nyeupe isiyopitisha mwanga, yenye ujazo wa mililita 750, ambayo karibu kila duka la mtaani huipanga kando ya sabuni za unga, na ambayo sisi wa Tanga, kama watu wa Dar es Salaam na Mombasa, huiita jiki hata inapokuwa imetoka katika kiwanda kingine kabisa. Wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi huiita javel, kwa jina la kijiji cha Javel kilichokuwa kando ya mto Seine, pembezoni mwa Paris, ambako maji ya namna hii yalianza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya kung'arisha vitambaa. Kilichomo ndani ni kilekile, yaani hipokloriti ya sodiamu iliyoyeyushwa katika maji, kwa ukolezi ambao katika chupa zangu umeandikwa kuwa asilimia 3.5. Nimeitumia kwa miezi minane mfululizo katika mgahawa wangu wenye meza tisa, kwa maji ya kunywa, mbao za kukatia, meza, sakafu na choo, na katika muda huohuo nimeilinganisha na vidonge vya klorini, na dawa ya kahawia inayogeuka maziwa ikitiwa maji, na sabuni zinazojinadi kuwa zinaua bakteria, na hatimaye dawa ya mende. Hukumu yangu naitoa mapema: sijaona dukani kitu kingine kinachoua vijidudu vya aina nyingi namna hii kwa fedha kidogo namna hii, lakini ni dawa ambayo mara nyingi hufa kabla ya vijidudu inavyotumwa kuviua, na lebo yake haimwelezi mnunuzi jambo hilo kwa uzito unaostahili.

Sababu ya kuanza kuitumia kwa makini haikuwa ya kitaalamu. Maji yetu ya bomba huhifadhiwa katika simtanki la lita 1,000 lililo juu ya stoo, na mgawo unapokuwa mkali tunanunua maji ya boza, ambayo mwenye boza huapa kuwa ni ya kisima kirefu. Katika wiki moja ya kiangazi wateja watatu, ambao hawakuwa wameketi meza moja wala kula chakula kimoja, walirudi kunieleza kwa upole kwamba wameharisha usiku kucha. Sikuwa na namna ya kujua kama kosa lilikuwa la maji, la kachumbari au la mikono ya mtu, kwa hiyo niliamua kuyashughulikia yote matatu. Hadi siku hiyo jiki ilitumika kwangu kama inavyotumika katika majiko mengi: ilimiminwa kwa kukadiria kwa jicho, ikachanganywa na sabuni ya unga, ikapakwa na kufutwa papo hapo, na kila mtu akaridhika kwa kuwa pua ilishuhudia kwamba kazi imefanyika.

Namna dawa hii inavyoua inafaa kueleweka vizuri, kwa sababu udhaifu wake wote umo katika nguvu yake. Hipokloriti ikizimuliwa katika maji, sehemu yake hugeuka kuwa asidi hipoklorasi, molekuli ndogo isiyo na chaji ya umeme, ambayo hupenya ukuta na utando wa bakteria bila kuzuiwa. Sehemu inayobaki ni ioni yenye chaji hasi, na kwa vile uso wa bakteria nao una chaji hasi, ioni hiyo husukumwa nje, na uwezo wake wa kuua huwa mdogo sana ukilinganishwa na ule wa asidi. Mgawanyo wa hizo mbili huamuliwa na pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wake: kwenye pH ya karibu 7.5 huwa nusu kwa nusu, chini ya hapo asidi huzidi, na juu ya hapo ioni huzidi. Ndani ya chupa, ambamo mtengenezaji ameweka alkali ya kutosha ili dawa isiharibike haraka, karibu yote ni ioni. Ni pale inapozimuliwa kwa maji mengi ndipo pH inaposhuka na ile molekuli yenye makali inapochukua sehemu kubwa zaidi. Anayemimina jiki isiyozimuliwa juu ya ubao kwa kudhani kuwa anapata nguvu kamili huunguza ubao na mikono yake, na hapati faida inayolingana na kiasi alichokimwaga.

Asidi hiyo ikishaingia ndani ya seli haichagui. Hushambulia kwanza sehemu za protini zenye salfa, huzima vimeng'enya, huharibu utando na kuvuruga hata chembe za urithi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kuwa protini za bakteria zikiguswa na dawa hii hukunjuka na kugandana, mfano wa ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango, na kwamba bakteria wana protini yao ya ulinzi ambayo huzinduliwa na klorini yenyewe ili kupunguza mgando huo. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba mwili wa binadamu uliijua dawa hii kabla ya kiwanda chochote, kwa kuwa baadhi ya seli nyeupe za damu hutengeneza asidi hipoklorasi ileile na kuwamiminia bakteria ambao zimewameza. Penisilini ina shabaha moja, ambayo ni ujenzi wa ukuta wa bakteria, na bakteria akipata kimeng'enya cha kuivunja huokoka na kuwarithisha wenzake; klorini hupiga mahali pengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni vigumu sana kwa kijidudu kujijengea usugu wa namna ile tunaoulalamikia hospitalini.

Hata hivyo, silaha isiyochagua haiwezi kutofautisha bakteria na mabaki ya mchuzi. Damu ya samaki, supu iliyomwagika, unga wa chapati na jasho la kitambaa vyote hunywa klorini, na kila kiasi kinachonywewa na uchafu ni kiasi ambacho hakitamfikia mdudu. Hapa ndipo nilipogundua kosa kubwa la jiko langu. Kijana anayefuta meza alikuwa akiandaa ndoo moja ya maji ya jiki saa moja asubuhi, akaitumia na kitambaa kilekile mpaka saa tisa alasiri. Nilinunua kipimo cha watunza mabwawa ya kuogelea, ambacho ni kichupa angavu na vidonge vinavyoyafanya maji kuwa ya waridi kadiri klorini ilivyo nyingi, nikapima ndoo hiyo mara kwa mara kwa siku tatu. (Maji makali mno huibabua rangi yenyewe na kukudanganya kuwa hayana kitu, kwa hiyo lazima yazimuliwe kwanza kwa kipimo kinachojulikana.) Asubuhi rangi ilikuwa nzito, kabla ya adhuhuri, baada ya kufuta meza kumi na tano au ishirini, kichupa kilibaki cheupe kama maji ya kisima. Kuanzia hapo kitambaa hakikuwa kikisafisha meza, kilikuwa kikihamisha vijidudu kutoka meza ya kwanza hadi ya tisa.

Mpishi wangu mkuu, mama ambaye amepika katika mji huu tangu mimi nikiwa shuleni, hakukubaliana na kichupa changu. Alinusa ndoo akasema, "Mwanangu, mbona bado inanuka? Jiki ikinuka ndiyo imekolea." Imani hiyo ni ya watu wengi, na kwa sehemu kubwa ni kinyume cha ukweli. Harufu ile kali ya bwawa la kuogelea, inayowasha macho, hutokana zaidi na klorini iliyokwisha kuungana na jasho, mkojo na uchafu mwingine wenye naitrojeni, na kutengeneza kloramini, ambazo makali yake dhidi ya vijidudu ni hafifu kuliko ya klorini huru. Ndoo inayonuka sana mchana ni ndoo iliyokwisha kupigana na kuchoka.

Tangu wakati huo tunafanya kazi hii kwa hatua mbili ambazo hazichanganywi. Kwanza meza au ubao huoshwa kwa sabuni na maji na kusuuzwa, kwa kuwa sabuni huondoa mafuta na mabaki ambayo yangeila dawa; kisha hupakwa maji ya klorini ya asilimia 0.1 na kuachwa bila kukauka kwa dakika kumi kabla ya kusuuzwa tena. Kwa chupa ya asilimia 3.5, ukolezi huo hupatikana kwa kuchanganya kipimo kimoja cha dawa na vipimo 34 vya maji. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza asilimia hiyo ya 0.1 kwa nyuso za kawaida wakati wa janga la korona, na asilimia 0.5 pale palipomwagika damu nyingi, ambayo ni kipimo kimoja cha dawa kwa sita vya maji. Ninafahamu kuwa dakika kumi ni nyingi katika mgahawa ambao wateja wanasubiri kiti, na kusema kweli wakati wa chakula cha mchana meza zetu hupata sabuni peke yake. Klorini hupewa muda wake asubuhi, alasiri na usiku. Naona ni afadhali kusafisha mara tatu kwa ukamilifu kuliko mara thelathini kwa kujifariji.

Dosari inayoiondolea bidhaa hii alama nyingi kwangu ni jinsi inavyopoteza nguvu. Hipokloriti haitulii; ndani ya chupa iliyofungwa hujivunja taratibu na kuwa chumvi, oksijeni na klorati, na mambo matatu huiharakisha, yaani joto, mwanga na wingi wa ukolezi wenyewe. Kwa sababu hiyo dawa kali ya viwandani huchakaa haraka kuliko hii hafifu ya dukani, na dawa yoyote huchakaa haraka katika mji wa pwani kuliko Lushoto kwenye baridi ya milimani. Katika mwezi wa tatu nilinunua chupa kwenye duka moja ambalo sitalitaja, ambako makatoni yalikuwa yamepangwa barazani, jua la saa nane likiyapiga. Kwa macho na kwa pua haikuwa na tofauti na nyingine. Nilipoizimua kwa kipimo kilekile na kuiweka kando ya chupa mpya kutoka duka jingine, waridi ya ile mpya ilikuwa imekolea na ya hii ilikuwa kama maji yaliyosuuziwa kikombe cha sharubati. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado mbali. Tatizo ni kwamba lebo nyingi nilizozisoma hutaja ukolezi wa siku dawa ilipotengenezwa, bila kumwambia mnunuzi kuwa atapata kitu kingine ikiwa muuzaji ameiweka juani. Baadhi ya lebo pia huandika "kizibo kimoja kwa ndoo" bila kusema ndoo ya lita ngapi, jambo ambalo kwa dawa ya kunywewa ni uzembe.

Kwa upande wa maji ya kunywa ndipo ninapoipa chupa hii sifa bila kusita. Kiwango kinachopendekezwa kwa maji angavu ni miligramu 2 za klorini kwa kila lita, na mara mbili ya hapo kwa maji yenye ukungu. Kwa dawa ya asilimia 3.5 ambayo bado ni mpya, ndoo ya lita 20 huhitaji takriban mililita 1.1, ambazo ninazipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano kutoka duka la dawa, na simtanki la lita 1,000 huhitaji mililita 57. Maana yake ni kwamba chupa moja ya mililita 750, ambayo bei yake kwetu haipishani sana na sahani ya wali kwa samaki, hutibu simtanki 13. Baada ya dakika 30 maji huwa tayari, na kinachofaa kubaki ni klorini kidogo ya akiba, kuanzia miligramu 0.2 kwa lita, ili mkono au kikombe kichafu kikiingia baadaye kuwe na mlinzi. Kiwango cha juu kabisa kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani katika maji ya kunywa ni miligramu 5 kwa lita, kwa hiyo nafasi ya kukosea kidogo ipo, ingawa wateja huanza kulalamikia ladha kabla ya kufika huko. Bakteria wa kipindupindu, ambaye Dar es Salaam ilipambana naye kwa taabu kuanzia Agosti 2015, ni dhaifu sana mbele ya klorini, na hiyo peke yake yatosha kuiweka chupa hii katika kila nyumba inayotegemea kisima au boza. Sharti ni kuchagua ile ya kawaida isiyo na manukato wala sabuni. Zile zenye harufu ya limau au maua si za maji ya kunywa hata kidogo.

Maji ya boza yakija na matope, klorini peke yake haitoshi, kwa sababu matope nayo huinywa dawa na kuwaficha bakteria. Hapa nilirudia jambo la bibi zetu, ambalo ni shabu: kipande kidogo huzungushwa katika maji, chembe za matope hushikana na kuzama, kisha maji ya juu huchotwa na kuchujwa kwa kitambaa safi kabla ya kutiwa dawa. Kuna pia vifuko vya unga vinavyochanganya dawa ya kugandisha matope na klorini kwa pamoja, kimoja kwa lita 10, na nilivipenda kwa nyumbani lakini kwa mgahawa hesabu yake haikai.

Vidonge vya klorini, ambavyo kemikali yake ni tofauti lakini hutoa asidi ileile vikiyeyuka, vilinishangaza kwa utulivu wake. Kidonge cha miligramu 67 kwa lita 20 za maji angavu hutoa karibu miligramu zilezile 2 kwa lita, na kwa kuwa kila kimoja kimefungwa peke yake katika karatasi yake ya bati, hukaa miaka kadhaa bila kupoteza makali. Gharama yake kwa lita ni kubwa zaidi kuliko ya chupa. Kwa mwenye nyumba anayetibu ndoo moja kwa siku, ningemshauri kidonge bila kusita, kwa vile hakihitaji bomba la sindano wala mashaka kuhusu jua la barazani. Kwa mwenye simtanki, chupa mpya ndiyo yenye hesabu.

Hata hivyo vipo viumbe ambavyo chupa wala kidonge haviviwezi. Kimelea kiitwacho Cryptosporidium, kinachosababisha kuharisha kwa siku nyingi, huvaa gamba gumu kiasi kwamba katika maji yenye miligramu 2 za klorini kwa lita kingehitaji kukaa zaidi ya siku tano ili idadi yake ipungue mara elfu. Mwaka 1993 kimelea hiki kilipita katika mtambo wa maji wa jiji la Milwaukee huko Marekani, ambao ulikuwa ukitia klorini kama kawaida, na watu wanaokadiriwa kuwa 400,000 waliugua. Kuchemsha humuua kwa urahisi. Kwa sababu hiyo maji ya watoto wadogo, na ya mtu mwenye kinga dhaifu, ningeendelea kuyachemsha hata kama yametiwa dawa. Spora za bakteria, yaani bakteria waliojifunga katika gamba gumu na kulala, nazo ni shida nyingine, na hapa niseme neno kwa wapishi wenzangu, ingawa linatoka kidogo nje ya chupa: spora za Bacillus cereus zilizomo katika mchele huokoka kwenye sufuria linalochemka, na wali ukiachwa wazi usiku kucha huamka, huzaliana na kutoa sumu ambayo haiharibiki kwa kupashwa moto asubuhi. Hakuna dawa ya meza itakayorekebisha kiporo cha namna hiyo.

Kachumbari nayo haikunipa matokeo niliyoyatarajia. Nyanya na pilipili hoho tunazitumbukiza katika maji yenye karibu mililita 3 za jiki isiyo na manukato kwa kila lita, kwa dakika chache, kisha tunazisuuza kwa maji yaliyotibiwa. Utaratibu huo hupunguza bakteria mara 10 hadi 100 hivi, ambayo ni nafuu ya kweli lakini haifanani na kuwamaliza, kwa sababu bakteria hujibanza katika mikunjo, makovu na kikonyo cha nyanya, ambako maji hayafiki vizuri. Faida nyingine ni kwamba maji ya kuoshea yenyewe hayageuki kuwa mchuzi wa kueneza uchafu wa nyanya moja kwa zote.

Nikiilinganisha na zile nyingine, nitakuwa mfupi. Ile dawa ya kahawia yenye harufu ya hospitali, ambayo kiini chake ni kloroksilenoli, huua kwa kuharibu utando wa bakteria, na ni nzuri kwa kidonda kilichosafishwa na kwa nguo za mgonjwa. Asili ya ukoo wake ni asidi ya kaboliki aliyoitumia daktari wa upasuaji Joseph Lister huko Glasgow mwaka 1865 kuokoa watu waliovunjika mifupa. Lakini ni hafifu kwa virusi visivyo na utando wa mafuta, vikiwemo baadhi ya vile vinavyosababisha kuharisha, huacha harufu katika ubao wa kukatia nyama, na ni sumu kali kwa paka, nami nina paka wawili wanaolinda stoo dhidi ya panya. Sabuni za mikono zenye triklosani, kemikali inayotiwa ili kuua bakteria, zilinigharimu fedha bure. Triklosani kwa kiasi kidogo hulenga kimeng'enya kimoja ambacho bakteria hukitumia kutengeneza mafuta ya utando wake, jambo linalofungua mlango wa usugu, na mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa pamoja na viambato vingine 18 katika sabuni za kunawia za matumizi ya kawaida, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kuwa zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Sinki letu la kunawia sasa lina sabuni ya mche iliyokatwa vipande.

Wapo walioniuliza kama jiki huua mende. Haiwafai. Mwili wa mende umefunikwa kwa nta, na dawa hupita juu yake. Kinachomuua ni kitu kinachoingia katika mishipa yake ya fahamu, kama pareto, ambayo Kenya ilianza kuilima mwishoni mwa miaka ya 1920 na kwa miongo kadhaa ikaongoza dunia, na ambayo hapa kwetu hustawi katika nyanda za juu za kusini. Sumu ya ua hilo hushikilia wazi njia za sodiamu katika neva za mdudu, neva zikawa zinapiga bila kupumzika mpaka mdudu anaanguka chali akitetemeka. Anaweza kuamka, kwani vimeng'enya vyake huivunja sumu hiyo, na ndiyo sababu watengenezaji huichanganya na kemikali ya kuzuia vimeng'enya hivyo. Jiki humsaidia mwenye jiko dhidi ya mende kwa njia moja tu, nayo ni kufuta nyayo na kinyesi alichokiacha juu ya kaunta, pamoja na bakteria wa Salmonella anaoweza kuwabeba humo.

Kuhusu hatari, chupa hii haistahili kuzoeleka jinsi ilivyozoeleka. Ikichanganywa na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ikimwagwa juu ya mkojo mwingi uliokauka chooni hutoa kloramini zinazobana kifua. Katika mwezi wangu wa pili binti anayesafisha choo alimwaga dawa ya choo, kisha jiki juu yake, kwa nia njema ya kuongeza nguvu, akatoka mbio akikohoa na macho yakimtiririka. Alipata nafuu baada ya kukaa hewani, nami nilijilaumu kwa kuwa sikumweleza mapema. Sasa choo humwagiwa maji mengi kwanza, mlango huachwa wazi, na dawa hizo mbili hazikai katika kabati moja. Sihamishi pia jiki katika chupa za soda, kama wauzaji wengine wa rejareja wanavyofanya, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi harufu. Madhara madogo ni ya kawaida zaidi: sufuria za alumini hubadilika rangi na kuliwa na vishimo, visu visivyoshika kutu navyo huanza kushika vikiloweshwa muda mrefu, na kanga yangu moja ya rangi ya zambarau ina ramani nyeupe ambayo haitaondoka.

Kwa miezi minane hiyo sijapata mteja mwingine aliyerudi na malalamiko ya tumbo, ingawa siwezi kuapa kuwa ni kazi ya klorini peke yake, kwa vile katika muda uleule tulibadilisha pia vitambaa, sabuni na namna ya kuhifadhi wali. Nitaendelea kuinunua, chupa moja au mbili kwa wakati, kutoka duka lenye kivuli na wateja wengi, na kamwe si katoni zima kwa sababu ya punguzo. Tarehe ya kuifungua naiandika shingoni mwa chupa kwa kalamu ya wino mzito. Ikitimiza miezi miwili huondolewa kwenye rafu ya maji ya kunywa na kupelekwa kwenye sakafu, na ikitimiza mitatu huenda chooni.